Kambi ya magari-nyumba huchorwa kutoka kwenye kiti cha dereva

Swali la kwanza la kila mwenye ardhi huwa lile lile: eka moja inaingiza nafasi ngapi? Nimelisikia hapa Texas tangu nianze kazi ya kuchora kambi za magari-nyumba, yale ambayo Wamarekani huyaita RV, na nimelisikia kwa simu kutoka Karatu, kule Tanzania. Ni swali la haki. Benki hupiga hesabu ya mkopo kwa idadi ya nafasi, na kila nafasi inayopungua ni pesa inayopungua kila usiku. Zamani watu walibana nafasi 15 hata 20 kwenye eka moja. Leo, magari yalivyorefuka na kunenepa, wengi wetu tukiona mchoro umezidi 10 tunajua kuna mtu atakayeumia.

Mimi hilo huliweka pembeni kwanza. Namfikiria dereva atakayefika saa moja jioni, ameendesha kutwa nzima, ana trela ya mita kumi nyuma yake, watoto wana njaa na mbwa anataka kushuka. Huyu ataingiaje? Atajuaje nafasi yake ni ipi? Na kesho asubuhi atatokaje bila kumwamsha jirani kumwomba asogeze pikapu? Nikishajibu hayo kwenye karatasi, idadi ya nafasi hujileta yenyewe, na mara nyingi haiko mbali sana na ile ambayo mwenye ardhi alikuwa anaitamani.

Kabla sijashika kompyuta ya kuchorea nilishika usukani. Nyumbani nilianza kama utingo, nikaja kuwa dereva wa semi-trela njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma. Nilipohamia Marekani nikafanya walichofanya Waafrika Mashariki wengi wa Houston na Dallas: nikachukua leseni ya malori makubwa, nikaendesha mpaka mgongo ukanigomea. Ndipo nikasoma uchoraji wa ramani za uhandisi, na sasa niko kwenye ofisi ndogo ya wahandisi hapa Texas. Wenzangu ofisini wananizidi mbali kwa hesabu. Mimi najua trela inavyotembea, na nimegundua kwamba kwenye kambi za aina hii ujuzi huo ndio unaokosekana kwenye michoro mingi.

Tuanze na hiyo trela. Trela hukata kona. Matairi yake hayapiti yalipopita ya gari linaloivuta. Hujipenyeza ndani ya kona, kama ng'ombe aliyekwisha kujua njia ya mkato ya kurudi zizini. Umbali kutoka kwenye kiungo hadi kwenye ekseli ukiwa mrefu, inakata zaidi. Wakati huo huo kipande kilicho nyuma ya ekseli hutanuka kwenda upande wa nje wa kona. Ndiyo maana katika kambi iliyochorwa na mtu asiyejua trela utaona vitu viwili: mawe ya kona yaliyosagwa upande wa ndani, na bomba la maji lililopinda upande wa nje. Ukubwa wa vyombo wenyewe ni huu: basi kubwa la kuishi hufika futi 45, karibu mita 14. Pikapu pamoja na trela ambayo shingo yake hukaa juu ya bodi ya pikapu inaweza kufika futi 65, mita 20. Upana ni mita 2.6, na urefu wa kwenda juu ni kama mita 4 ukihesabu viyoyozi vya paani.

Kisha kuna upande kipofu, na hapa ndipo mtu aliyezoea Tanzania au Kenya inabidi ageuze kichwa chake. Marekani usukani uko kushoto. Dereva anaporivasi, akiupeleka mkia wa trela upande wake wa kushoto, anauona kwenye kioo na dirishani mpaka mwisho. Akiupeleka kulia, baada ya sekunde chache mkia unapotea kabisa na kioo cha kulia kinamwonyesha ubavu wa trela tu. Kwetu ni kinyume chake. Kwa hiyo barabara ya ndani ya kambi ya Kimarekani huwa naifanya ya kwenda upande mmoja, na nafasi za kurivasi naziweka kushoto mwa dereva. Naziinamisha pia, nyuzi 45 hadi 60 kutoka kwenye barabara, badala ya kuzisimamisha wima. Dereva anaipita nafasi yake, anasimama, halafu anarudi akiwa ana kona nusu tu ya kukata, na macho yake yanaona kila kitu. Upande wa kulia wa barabara hiyo hiyo naweka nafasi za kupita, zile ambazo unaingilia huku na kutokea kule bila kurudi nyuma hata hatua moja. Zinakula ardhi zaidi, tena sana, lakini ndizo zinazojaa kwanza. Mgeni wa usiku mmoja hataki hata kulifungua pikapu lake kutoka kwenye trela.

Mpangilio huu wa barabara ya mzunguko wa upande mmoja una historia ninayoipenda. Katika miaka ya mwanzo ya 1930 bingwa wa magonjwa ya mimea wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Emilio Meinecke, aliona magari ya watalii yanaegeshwa popote msituni na miti mikubwa inakufa. Aligundua kwamba magari na miguu ya watu inashindilia udongo juu ya mizizi hadi maji na hewa havipiti. Dawa aliyopendekeza ilikuwa ya mpangilio: barabara ya upande mmoja, vichochoro vifupi vya kuegeshea vilivyoinama pembeni yake, na vizuizi vya mawe au magogo ili gari lisivuke mpaka. Yaani umbo lenyewe la kambi za Marekani lilitokana na daktari wa miti aliyekuwa anaokoa mizizi. Nikiwa nachora kati ya mialoni ya Texas namkumbuka mara kwa mara, kwa sababu mti wa kivuli ndio mali ya kwanza ya kambi, na greda linaweza kuumaliza kwa asubuhi moja bila kuugusa shina.

Mialoni ya huku ina gonjwa lake la ukungu linalonyausha miti kundi zima kupitia mizizi iliyoungana na kupitia wadudu wadogo wanaofuata vidonda vibichi. Wataalamu wa misitu wa Texas wanashauri mtu asikate matawi kuanzia Februari hadi Juni, na kidonda kipakwe rangi papo hapo mwaka mzima. Sasa jumlisha hilo na magari yenye urefu wa mita 4 kwenda juu. Matawi yote juu ya barabara lazima yakatwe hadi mita 4.3 hivi, na kazi hiyo ina msimu. Mwenye kambi anayetaka kufungua mwezi wa Mei inabidi apange ukataji kabla Februari haijaingia. Ratiba ya ujenzi hapa inaanza na msumeno, mashine zinafuata baadaye.

Kompyuta ina programu nzuri za kuchora njia ya matairi. Unachagua gari, unachagua kona, inakuonyesha trela itakapopita. Nazitumia kila siku. Lakini programu inaendesha kama dereva asiyechoka, aliyelala vizuri, asiye na mtu anayemwangalia. Kwa hiyo kabla ya greda kuingia tunapigilia vigingi, tunavuta kamba, tunaweka koni za plastiki kwenye kila kona na kila mahali patakapokuwa na nguzo ya umeme, halafu tunamwomba mtu mwenye trela ya kweli apite.

Kwenye mradi mmoja, eneo la vilima magharibi mwa San Antonio, walikuja mume na mke wastaafu, marafiki wa mwenye ardhi, na trela ndefu ya juu ya pikapu. Mume aliendesha, mke alishuka kumwelekeza. Yule mama alisimama nyuma upande wa kushoto, pale ambapo mumewe angeuona uso wake kwenye kioo, akainua mkono mmoja na kuukunja taratibu kuelekea kifuani. Niliposogea nilikuwa nasikia kichwani mwangu sauti ya barabara ya Tunduma: lete, lete, lete, kata kushoto, nyoosha, weka! Kazi ni ile ile. Nafasi tatu za mwanzo waliingia vizuri. Ya nne, mama aliishiwa mahali pa kusimama. Nyuma yake kulikuwa na mwaloni, kushoto koni ya umeme, na trela inamjia. Aliruka pembeni, mumewe akampoteza kwenye kioo, na akafunga breki kwa nguvu.

Kwa hesabu za matairi nafasi ile ilikuwa haina tatizo lolote. Kilichokosekana ni hatua mbili za ardhi tupu kwa ajili ya utingo. Tulisogeza kigingi cha umeme, tukazungusha nafasi kidogo kuukwepa mwaloni, wakarudia, wakaingia. Tangu hapo kila mchoro wangu una duara dogo nyuma kushoto mwa kila nafasi ya kurivasi, lisilo na mti, jiwe, meza wala bomba. Mafundi wengine huniuliza duara hilo ni la nini. Nawaambia ni la mke wa dereva.

Kushoto huko huko ndiko kunakofungwa kila kitu. Magari-nyumba ya Marekani yana kanuni moja inayomrahisishia mchoraji kazi: soketi ya umeme, maji safi na tundu la majitaka viko upande wa dereva, kuelekea nyuma. Upande wa kulia una mlango, na juu yake turubai linalokunjuliwa kuwa kibaraza. Basi nguzo fupi ya umeme, bomba la maji na mdomo wa bomba la majitaka huwekwa kushoto, nusu ya nyuma ya nafasi. Lakini ona matokeo yake. Magari yote yakitazama upande mmoja, kibaraza cha kila mtu kinaangalia mpira wa majitaka wa jirani yake wa kulia. Mtu amekaa na kahawa yake asubuhi, mbele yake jirani amepiga goti na glavu, anafungua valvu ya tangi la choo kwanza, halafu ya maji ya kuogea ili yasuuze mpira. Hakuna ubaya, ndiyo maisha ya kambi, lakini hakuna anayependa kuyatazama akiwa anakunywa chai. Suluhisho ni upana na majani. Mita 9 hadi 10 kwa nafasi, ukikumbuka kwamba kuta za pembeni za magari haya husukumwa nje karibu mita moja kila upande, na ukanda wa vichaka vya asili kati ya nafasi na nafasi. Ukanda wa mita moja na nusu unabadilisha kabisa hisia ya mahali. Nikilazimika kuchagua kati ya bwawa la kuogelea na vichaka, nachagua vichaka.

Sakafu ya nafasi nayo isichukuliwe kirahisi. Jokofu nyingi za magari haya hutumia gesi na hazina kompresa. Zikikaa upande zinapoza vibaya na zinaweza kuharibika. Mgeni akikuta sehemu imeinama atahangaika na vipande vya mbao chini ya matairi kwa nusu saa, na hatasahau. Mwinamo wa asilimia 1 au 2 unatosha kuondoa maji ya mvua. Kokoto iliyoshindiliwa vizuri inatosha, hasa kwenye ardhi ya mawe ya chokaa. Zege ni zuri, ila ni ghali na linapika watu wakati wa kiangazi.

Umeme ni kazi ya mwenzangu, lakini mpangilio wa ardhi unaamua nusu ya gharama yake. Gari dogo linahitaji soketi ya ampea 30, yaani wati 3,600. Kubwa linahitaji ampea 50 kwa njia mbili za volti 120, jumla wati 12,000. Kanuni za umeme za Marekani zinaruhusu upunguze hesabu kadiri nafasi zinavyoongezeka, kwa kuwa si kila mtu atawasha kila kitu kwa pamoja. Ukifika nafasi 36 na zaidi, unahesabu asilimia 41 tu ya jumla. Kwa nchi ya baridi sawa. Kwa Texas mwezi wa Agosti, saa kumi jioni, kila gari lina kiyoyozi kimoja, viwili au vitatu, na vyote vinaunguruma kwa pamoja. Hapo umeme hushuka nguvu kwenye nyaya ndefu na kompresa za watu zinaungua. Sisi tunaweka nyaya nene kuliko kanuni inavyodai, na transfoma inakaa katikati ya mzigo, hata kama pembeni mwa barabara kuu ingekuwa rahisi zaidi.

Majitaka ndiyo yanayoua kambi kimyakimya. Mtu wa nyumbani anavuta choo kwa lita nyingi za maji. Mtu wa gari-nyumba anabana maji kwa sababu tangi lake ni dogo, kisha anatia dawa za kuondoa harufu. Kinachofika kwenye tangi la septiki ni kizito mno, na baadhi ya dawa hizo huua bakteria wanaotakiwa kukisaga. Mtu akichukua hesabu za septiki ya nyumba za kawaida na kuzitumia hapa, uwanja wa kunyonyea maji utaziba mapema. Tunaweka tangi kubwa kuliko kawaida, vyumba viwili au vitatu, na tangazo la dawa zisizoruhusiwa liko mapokezi, pale mgeni anapolipa. Texas kuna mpaka mwingine wa kuujua: mfumo wa majitaka wa hapo hapo ukivuka galoni 5,000 kwa siku, karibu lita 19,000, unatoka mikononi mwa kaunti na kuhitaji kibali cha aina nyingine kabisa kutoka jimboni. Nimeona miradi ikikatwa nafasi chache ili ibaki chini ya mstari huo, na naona ni uamuzi wa busara kwa kambi ndogo.

Mambo ya mabafu, mashine za kufulia na ofisi sitayasema sana. Watu wengi wanayaweza. Weka mashine za kufulia, zinalipa. Tenga uwanja wa mbwa wenye uzio. Mbele ya ofisi acha njia pana ya magari mawili ya mita 20 kusimama bila kuziba barabara kuu, kwa sababu Ijumaa jioni yatafika matatu kwa pamoja.

Lakini maji, hapana, maji siwezi kuyapitia haraka.

Ardhi ile ya vilima ilikuwa na mto chini yake. Mto mzuri, maji ya kijani, mivinje mirefu ukingoni. Mwenye ardhi alitaka safu ya kwanza ya nafasi iwe pale, na kibiashara alikuwa sahihi: nafasi ya kando ya mto hulipiwa zaidi kuliko zote. Tulishuka naye mpaka chini. Nikamwonyesha kwenye matawi ya mti mmoja, juu ya kichwa changu, juu hata ya mkono wangu nikiunyoosha, rundo la nyasi kavu, vijiti na kipande cha plastiki ya bluu vilivyonasa. Hakuna aliyevipandisha pale. Mto ulikuwa umevileta wenyewe.

Hii ilikuwa baada ya Julai 2025, na hakuna mtu wa eneo lile aliyehitaji kuelezwa. Alfajiri ya Julai 4 mto Guadalupe ulifurika katika kaunti ya Kerr. Luteni Gavana wa Texas, Dan Patrick, alisema siku ile kwamba maji yalipanda futi 26, karibu mita 8, ndani ya dakika 45. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo watoto waliokuwa kwenye kambi ya wasichana, na magari-nyumba yaliyokuwa ukingoni yalisombwa watu wakiwa ndani yake. Vilima vile vina udongo mwembamba juu ya mawe ya chokaa. Mvua ikinyesha hainywewi, inateremka. Gari-nyumba nalo ni sanduku jepesi juu ya matairi. Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani husema sentimita 60 za maji yaendayo kasi zinatosha kubeba magari mengi, pikapu zikiwemo. Sanduku pana la kuishi likishaanza kuelea, halina breki wala usukani.

Sheria ya shirikisho inasema gari-nyumba lililoegeshwa kwenye eneo la hatari ya mafuriko likae chini ya siku 180 mfululizo, au liwe na leseni na tayari kuingia barabarani, la sivyo liinuliwe na kufungwa kama nyumba. Wazo lake ni jema: maji yakija, ondoka. Ila nimeendesha trela, na najua kuondoka ni nini. Unakunja turubai, unarudisha kuta ndani, unachomoa umeme, maji na majitaka, unainua miguu ya trela, unarivasi pikapu kwenye kiungo gizani, mvua inanyesha, mwenzako anapiga kelele husikii. Mtu mzoefu, mchana, hatumii chini ya nusu saa. Mto hausubiri nusu saa. Kwa hiyo mimi sichori kambi ya karibu na mto kwa kudhani trela zitaokolewa. Nachora ili watu waokoke.

Maana yake ni nini kwenye karatasi? Nafasi zote za kulala zilipanda juu ya mstari wa mafuriko, na tukaongeza mwinuko juu ya mstari wa ramani kwa sababu ramani huchelewa nyuma ya mito. Ukingo wa mto ukabaki uwanja wa mchana: meza, nyasi, mahali pa kuvulia samaki, geti linalofungwa jua likizama. Barabara ya pili ya kutokea ikapelekwa juu ya kilima, isivuke kile kivuko cha zege cha kwenye korongo ambacho hufunikwa kwanza. Na kutoka kila safu tukachora njia fupi ya miguu, ya ngazi, iliyonyooka, yenye mkono wa kushikilia na taa za betri, inayopanda moja kwa moja hadi kwenye jengo la ofisi. Mtu anayeamshwa saa tisa usiku asiamue lolote. Atoke mlangoni, aone taa, apande.

Mwenye ardhi alipoteza nafasi kadhaa za bei ya juu. Tulikaa mezani kwake muda mrefu siku ile. Hakubishana sana, alitazama mchoro, akauliza kama ngazi zile mke wake mwenye goti bovu angezipanda. Tukazigeuza kuwa mteremko.

Sasa Karatu. Mpwa wangu ana eka tatu kando ya njia ya kwenda Ngorongoro, na wageni wanaosafiri na magari yao wenyewe wanapita kila wiki. Alinipigia. "Shikamoo mjomba. Nitumie ule mchoro wa Texas, huku nikaupunguze tu." Nikamwambia, marahaba mwanangu, mchoro huo usiutumie hata mstari mmoja. Wazungu walifika huko na trela zamani. Mwaka 1959 hadi 1960 Wally Byam, mwasisi wa Airstream, aliongoza msafara wa trela 41 kutoka Cape Town hadi Cairo, wakapita Kenya na Ethiopia. Lakini wageni wa mpwa wangu leo ni wengine kabisa. Land Cruiser kutoka Afrika Kusini zina usukani kulia na hema juu ya paa. Malori yaliyogeuzwa nyumba kutoka Ujerumani na Uholanzi yana usukani kushoto. Malori ya watalii yana abiria 20 na zaidi, kila mmoja na hema lake la chini. Upande kipofu wa mmoja ndio upande wa macho wa mwenzake. Kwenye kambi kama hiyo huwezi kuchagua kushoto wala kulia; barabara ipite katikati na kila nafasi kubwa iwe ya kuingilia huku na kutokea kule. Ardhi anayo.

Majitaka kila nafasi pia hayahitaji. Magari mengi ya Ulaya yana choo chenye kasha la kuchomoa, mwenyewe analibeba kwa mkono kwenda kulimwaga. Sehemu moja nzuri ya kumwagia, yenye sakafu ya zege inayoteremkia kwenye tundu, bomba lake la kusuuzia liandikwe wazi kuwa maji yake si ya kunywa, na liwe mbali na bomba la kujazia matangi. Umeme ni volti 230, kwa hiyo nguzo zake ziwe na soketi ya bluu ya ampea 16, ile ya matundu matatu ya duara inayotumika kambini Ulaya nzima, pamoja na ile ya kawaida ya kwetu. Nafasi sita za umeme zinamtosha. Wengi wana sola.

"Sasa mjomba nianze na nini? Greda lipo wiki ijayo, bei nzuri."

Nilimwomba aliache greda lipite. Udongo mwekundu wa Karatu ukilowa unateleza kama sabuni, na lori la tani 15 likizama kwenye nafasi iliyochorwa kiangazi litang'oa kila kitu likitolewa. Asubiri masika. Mvua ikiwa inanyesha avae mabuti, ashuke shambani, apigilie kigingi cheupe kila maji yanaposimama na chekundu kila yanapopita. Kukikauka kidogo, amtafute dereva wa lori la watalii aliye kwenye mapumziko mjini, amnunulie chakula cha mchana, amwombe alipitishe lori kati ya vigingi hivyo na utingo wake akiwa nyuma. Apige picha kila watakaposimama. Akishanitumia hizo picha, nitafungua karatasi mpya.